Bibi Grace Onyango, Meya wa Kisumu

Mji wa Kisumu ulikua kando ya Ziwa Victoria tangu reli ilipofika huko mwaka 1901. Kwa miaka mingi shughuli za Baraza la Mji zilikuwa mikononi mwa Wazungu na Wahindi. Mwafrika alilijua Baraza hilo kwa amri zake tu. Hata Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, ni wachache waliodhani kwamba kiti cha Meya kingekaliwa upesi na mwanamke.

Bibi Grace Onyango alikuwa mwalimu wa shule, tena mwenye bidii katika chama cha Girl Guides. Watu walimjua kwa kazi yake kabla ya kumjua kwa cheo, wakamchagua kuwa diwani. Mwaka 1965 Meya Mathias Ondiek alifariki dunia angali kazini, na Bibi Onyango akashika mahali pake. Hivyo akawa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuwa Meya katika Kenya.

Hakukaa kitini kama pambo. Katika wakati wake majina ya barabara ya kikoloni na ya Kihindi yaliondolewa, yakawekwa ya Kiafrika, ili mwenyeji atembeapo mjini ajue kwamba mji ni wake pia.

Kisha ukaja mwaka wa msiba, 1969. Mwezi wa Julai Tom Mboya aliuawa Nairobi. Mwezi wa Oktoba watu walipigwa risasi Kisumu, siku ya kufunguliwa hospitali mpya, na chama cha KPU kikapigwa marufuku. Katika majonzi hayo, watu wa Kisumu walimtuma mwanamke akawasemee. Kati ya viti 158 vya uchaguzi wa Desemba, ni yeye peke yake mwanamke aliyeshinda, na wa kwanza kuchaguliwa Bungeni tangu Uhuru. Alichaguliwa tena mwaka 1974 na 1979. Mwaka 1975 alikuwa katika kamati ya Bunge iliyochunguza kuuawa kwa J. M. Kariuki, kazi iliyotaka moyo mkuu.

Bibi Onyango alifariki mwezi wa Machi 2023. Wazee wetu walisema, chanda chema huvikwa pete. Basi, msomaji, siku ya kuchagua diwani wako, usiulize kwanza kama ni mume au mke. Uliza amewatendea nini jirani zake.