Ngao ya Jua na Ngao za Mbao

Wanorse wa kale, watu wa Skandinavia, walilipatia jua ngao yake. Inaitwa Svalinn, jina lenye asili ya neno la ubaridi. Shairi la Grímnismál, lililohifadhiwa Iceland katika hati ya ngozi ya karne ya 13, linasema ngao hiyo imesimama mbele ya jua. Siku itakapoanguka, milima na bahari vitateketea. Nani anaishika? Shairi limenyamaza.

Ngao ya namna hiyo, isiyochoka wala kuchakaa, ndiyo anayoiwinda mchezaji wa Assassin's Creed Valhalla, gemu ya Ubisoft ya mwaka 2020. Shujaa wake, Mviking Eivor, anavuka bahari kwenda Uingereza ya mwaka 873. Ngao anaziokota kwenye makasha yaliyofichwa, anaziimarisha kwa chuma na ngozi, kisha anampelekea mhunzi vipande vya kaboni, nikeli na tungsteni ili azipandishe daraja hadi zifikie la juu kabisa, la silaha za visasili. Akitaka, anashika ngao mbili, moja kila mkono. Lakini kwa metali hizo mhunzi wa kweli angecheka. Nikeli ilitambuliwa mwaka 1751, na tungsteni ikatenganishwa Hispania mwaka 1783, Waviking wakiwa wamezikwa zamani.

Wengine walizikwa na ngao zao. Mwaka 1880, huko Gokstad, Norway, kilifukuliwa kilima cha kaburi, ikatoka merikebu nzima iliyopangwa ngao 64, yaani 32 kila ubavu, nyeusi na njano zikipishana. Kila moja ina upana wa karibu sentimita 90. Ukitazama unene wake, unashangaa: ni mbao nyembamba, haufiki hata sentimita moja! Katikati huwa pana tundu lililofunikwa bakuli la chuma, na ngumi ya mpiganaji hukaa humo ikishika mpini wa nyuma. Wepesi huo ndio uliokuwa faida yake, maana ngao uliizungusha na kuisukuma kukutana na pigo, hukujibanza nyuma yake kama ukuta.

Lakini mbao nyembamba hupasuka, na wenyewe walilijua hilo vizuri. Saga ya Kormák, simulizi ya kale ya Iceland, inaeleza sheria za pambano la watu wawili, lililopiganwa juu ya nguo iliyotandazwa chini: kila mmoja aliruhusiwa ngao tatu. Ya kwanza ikivunjwa, unachukua ya pili. Ya tatu ikiisha, unajikinga kwa silaha uliyonayo mkononi.