Kengele za Tibet: Hutuliza Moyo, Haziponyi Presha



Asubuhi moja tulimpokea wodini mama wa makamo aliyebebwa na wanawe. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, mkono wa kulia umelegea, na maneno hayakutoka sawasawa. Tulipompima, presha yake ilikuwa 210 kwa 120. Tulipouliza habari za vidonge vyake, binti yake alitujibu kwamba mama aliviacha miezi minne iliyopita. Dada yao mkubwa, anayefanya kazi Ujerumani, alikuwa amempelekea bakuli la shaba lenye kigongo chake cha mti, pamoja na karatasi iliyodai kwamba sauti ya bakuli hilo hushusha presha na kusafisha damu.

Kisha binti huyo akasema neno lililotuchoma. Mama alikuja na bakuli lile kliniki siku moja ili atuulize. Sisi wauguzi tulicheka. Hakuuliza tena. Makala haya ndiyo jibu tuliloshindwa kumpa siku ile.

Kengele hizi ni zipi?

Tibet ni nchi ya juu sana kaskazini mwa milima ya Himalaya, na watu wake wengi hufuata dini ya Kibudha. Vyombo vinavyoitwa kengele za Tibet ni vya aina tatu, navyo havifanani.

Ya kwanza ni kengele ya mkono, ambayo Watibet huiita drilbu. Mtawa huishika kwa mkono wa kushoto, na katika mkono wa kulia hushika kifimbo kifupi cha chuma kiitwacho dorje. Kengele ni ishara ya hekima, na kifimbo ni ishara ya huruma pamoja na njia ya kuitenda. Vyote viwili hutumika pamoja, maana kwa mafundisho yao hekima pasipo huruma haimfikishi mtu mahali. Sauti nayo ina somo lake: huzaliwa, huenea, kisha hufifia, wala hakuna awezaye kuishika.

Ya pili ni tingsha, yaani visahani viwili vidogo vizito vilivyounganishwa kwa ukanda wa ngozi. Hugonganishwa katika ibada zao fulani za kutoa sadaka, na siku hizi pia kuonyesha mwanzo na mwisho wa tafakari.

Ya tatu ni bakuli kama lile la mama yetu. Likigongwa hulia kwa muda mrefu, na ukizungusha kigongo ukingoni huimba, kama bilauri inavyoimba ukipitisha kidole chenye maji mdomoni mwake. Mengi hutengenezwa Nepal na India, kwa shaba iliyochanganywa na bati. Wauzaji husema kwamba ndani yake mna madini saba ya siri, lakini mabakuli yaliyopimwa yameonekana kuwa hasa shaba na bati.

Yalifikaje huku nje?

Mwaka 1959 Dalai Lama alikimbilia India, na Watibet wengi wakakimbilia huko na Nepal. Wasafiri kutoka Ulaya na Marekani waliyaona mabakuli haya katika masoko ya huko, wakayapenda. Mwaka 1972 wanamuziki wawili, Henry Wolff na Nancy Hennings, walitoa santuri ya sauti za vyombo hivyo, na baada ya hapo biashara ikakua. Lakini ushahidi kwamba watawa wa kale wa Tibet waliyatumia mabakuli haya kutibu wagonjwa ni haba mno. Mengi ya zamani yalikuwa vyombo vya kawaida vya nyumbani. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba hii ni tiba ya maelfu ya miaka, usikubali upesi.

Je, zinasaidia kitu?

Zinasaidia, nasi hatutaki kuficha. Sauti ndefu yenye kufifia polepole huvuta masikio, na mawazo yanayozunguka kichwani hupata mahali pa kutua. Mtu akiifuata sauti hiyo mpaka mwisho, mara nyingi pumzi yake hurefuka, moyo hupunguza mbio na misuli hulegea. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 uliwahusu watu 62 waliosikiliza mabakuli haya. Baadaye walieleza kwamba wasiwasi, hasira na uchovu vilikuwa vimepungua. Hata hivyo, hapakuwa na kundi jingine la kulinganisha, kwa mfano watu waliokaa kimya tu kwa muda uleule. Hatuwezi kusema kwa hakika ni kiasi gani kilitokana na bakuli na kiasi gani kilitokana na kupumzika.

Mama yetu naye alilala vizuri zaidi tangu apate bakuli lake. Hapo ndipo hatari ilipojificha. Alipojisikia vizuri alidhani amepona. Lakini presha ni ugonjwa wa kimya: inaweza kupanda sana huku mwenyewe akilala usingizi mtamu na kwenda shambani kama kawaida. Utulivu wa jioni moja hauwezi kuchukua nafasi ya dawa ya kila siku.

Je, ni dhambi?

Swali hili tumeulizwa pia. Tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965 linafundisha kwamba Kanisa halikatai yaliyo ya kweli na matakatifu katika dini nyingine. Barua ya Roma ya mwaka 1989 juu ya tafakari ya Kikristo inatuonya tusidhani kwamba kila utulivu wa mwili ni faraja ya Roho Mtakatifu. Kusikiliza sauti ya shaba ili upumzike si kuabudu. Mwenye wasiwasi na amwone padre wake.

Tushike mambo haya

1. Usiache wala usipunguze vidonge vya presha, kisukari au kifafa kwa sababu ya kengele, chai ya majani au kitu kingine chochote, kabla ya kuzungumza na mganga wako.

2. Presha ikiwa 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku mbalimbali, hiyo ni presha ya kupanda. Pima hata kama huumwi.

3. Punguza chumvi. Mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya vyakula.

4. Usinywe maji yaliyolala ndani ya bakuli hilo, hata ukiambiwa kuwa ni dawa. Madini yanaweza kuingia katika maji.

5. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafla, mkimbize mgonjwa hospitali saa ileile. Msingoje kupambazuke.

Na kwenu wanaoishi mbali: mnapowapelekea wazazi zawadi, waulizeni pia habari za vidonge vyao. Binti yule alituma bakuli kwa upendo, nasi hatumlaumu. Sisi wauguzi tumejifunza kutomcheka mgonjwa anayeleta swali, maana aliyechekwa leo kesho atanyamaza.

Mama yetu sasa anatembea kwa fimbo, na maneno yamerudi kiasi. Bakuli bado analo. Kila jioni saa mbili huligonga mara moja kwa mkono wa kushoto, wajukuu humletea maji, naye humeza vidonge vyake huku sauti ikiisha.