Chulebuni na Kutu ya Majani katika Kahawa ya Mara

Swali la magonjwa ya mazao ya biashara huwapotezea watahiniwa wengi alama kwa sababu hulijibu kwa maneno mawili: "apige dawa." Msahihishaji anataka kujua ni dawa gani, ipigwe lini, sehemu gani ya mmea, na kwa nini. Tutumie mfano wa kahawa ya arabika inayolimwa Tarime na Serengeti.

Kwanza tofautisha magonjwa yenyewe. Chulebuni husababishwa na kuvu iitwayo *Colletotrichum kahawae*. Hushambulia matunda yakiwa bado ya kijani: doa jeusi hutokea, hubonyea, hutanuka, kisha tunda huoza au kukauka likiwa bado juu ya tawi. Uligunduliwa magharibi mwa Kenya mwaka 1922, upande uleule wa nchi hiyo unaopakana na Mara. Hupenda baridi na unyevu, kwa hiyo huwa mkali zaidi kwenye miinuko kama ya Tarime.

Kutu ya majani husababishwa na kuvu nyingine, *Hemileia vastatrix*. Geuza jani: upande wa chini utaona unga wa rangi ya chungwa. Kutu hupenda joto la wastani, hivyo husumbua zaidi mashamba ya maeneo ya chini. Usiudharau. Ugonjwa huu ulioingia Sri Lanka mwaka 1869 ndio uliovunja kilimo cha kahawa kisiwani humo.

Hapa pana hoja ambayo wengi huiruka. Chulebuni huchukua mavuno ya msimu huu, kwa kuwa tunda likishaoza halirudi. Kutu huiba zaidi msimu ujao. Jani ndilo jiko la mmea. Majani yakipukutika, tawi linalopaswa kuzaa mwakani hudhoofika. Mkulima anaweza kuvuna vizuri mwaka huu huku kutu imejaa shambani, akadhani amesalimika.

Sasa udhibiti. Njia ya uhakika zaidi ni kupanda aina zenye ukinzani. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), yenye makao makuu Lyamungu mkoani Kilimanjaro, imetoa aina bora za arabika zinazokinzana na magonjwa yote mawili. Lakini chukulia mkulima mwenye mibuni 400 ya zamani anayesomesha watoto kwa kahawa hiyohiyo. Akiing'oa yote kwa mkupuo, atasubiri takriban miaka mitatu ndipo avune tena. Ada italipwa na nini? Jibu zuri ni kubadilisha shamba kwa awamu, au kubebesha vikonyo vya aina bora juu ya mashina ya zamani. Jibu la namna hii linaonyesha kwamba unaelewa kilimo ni biashara.

Mibuni ya zamani inayobaki ihudumiwe. Kupogoa matawi na kuondoa maotea hupitisha hewa na jua, majani na matunda yakauke upesi baada ya mvua. Mbegu za kuvu zinahitaji maji ili ziote. Matunda yaliyougua yakusanywe na kuharibiwa, kwani matone ya mvua hurusha mbegu hizo kutoka tunda hadi tunda. Mara hupata masika na vuli, na mibuni huweza kuchanua zaidi ya mara moja, kwa hiyo matunda ya umri tofauti hukutana mtini na ugonjwa hupata pa kujificha.

Kiuakuvu cha shaba (mrututu ni mmojawapo) hukinga tu, hakitibu tunda lililokwisha kuoza. Kipigwe kabla ya ugonjwa kushamiri, hasa kati ya wiki ya 4 na ya 14 baada ya kuchanua. Kwa chulebuni lenga matunda; kwa kutu lenga upande wa chini wa majani. Usiandike kiuadudu: kuvu si mdudu. Mkulima avae kinga, asome lebo na azingatie siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Abadilishe pia makundi ya viuakuvu; Kenya, miaka ya 1970, kundi moja lilitumika mfululizo hadi kuvu ya chulebuni ikajenga usugu.

Jipime: Mkulima wa Tarime amepiga kiuakuvu cha shaba baada ya kuona matunda meusi, na hali haikubadilika. Eleza sababu mbili, kisha mshauri hatua tatu za msimu ujao. (Alama 10)