Breki kabla ya Matairi Makubwa

Baadhi ya jamaa zetu walioko Meru na Embu hutengeneza Land Rover zao kuukuu uani, watoto wakishika tochi. Jambo jema, na sisi twalipenda. Ila wengine huanza na mapambo: springi za kuinua bodi, matairi makubwa ya kukabili matope ya masika. Tairi likizidi kimo, breki zile zile hulemewa. Na gari lililoinuliwa hupinduka upesi konani.

Barabara itokayo Embu kwenda Meru hupita daraja la Nithi, lenye miteremko mikali. Hapo, Julai 2022, basi lililokuwa likija Mombasa lilitumbukia bondeni, wakafariki zaidi ya watu 30. Inna lillahi.

Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya sharia, basi tuanzie kwenye breki. Mafuta yake hunyonya unyevu wa hewani. Breki zikipata moto mteremkoni, unyevu ule huwa mvuke, na pedali huzama bila kushika. Yabadilishwe kila miaka 2, wala chupa iliyokaa wazi isitumike. Kushuka ni kwa gia ndogo. Naye fundi wa uani asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee.