Ruta Mpya Isikufanye Utupe Kompyuta ya Zamani

Huduma nyingi za Serikali sasa hupatikana kwa njia ya mtandao. Leseni ya biashara huombwa kupitia mfumo wa TAUSI, na maombi ya mikopo ya elimu ya juu huwasilishwa mtandaoni. Wananchi wengi wasio na kompyuta hutegemea steshenari ya mtaani. Kwa hiyo intaneti ya duka hilo inapogoma, anayeumia si mwenye duka peke yake.

Tatizo mojawapo hujitokeza pale mwenye duka anaponunua ruta mpya ya Wi-Fi. Simu yake huunganishwa mara moja, lakini kompyuta na printa alizozitumia kwa miaka mingi hukataa. Hudhani zimeharibika, akaanza kutafuta fedha za kununua nyingine. Mara nyingi vifaa hivyo ni vizima. Kasoro ipo katika uchaguzi au mpangilio wa ruta.

Viwango vya Wi-Fi hutambulishwa kwa namba. Wi-Fi 4, iliyoidhinishwa mwaka 2009, hutumia masafa ya gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Wi-Fi 5, ya mwaka 2013, hutumia gigahezi 5 pekee. Wi-Fi 6, iliyoidhinishwa mwaka 2021, hutumia yote mawili. Kwa kawaida ruta mpya huweza kuwasiliana na vifaa vya zamani, ilimradi vikutane katika masafa yaleyale. Vifaa vingi vya zamani hutumia gigahezi 2.4 tu. Masafa hayo hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi. Gigahezi 5 ina kasi kubwa lakini hufifia mapema.

Kwa sababu hiyo, mwananchi anashauriwa kuchagua ruta yenye masafa yote mawili. Ya Wi-Fi 6 inatosha kwa nyumba na maduka mengi. Fedha zikipungua, ya Wi-Fi 5 yenye masafa mawili bado inafaa, kwa kuwa katika gigahezi 2.4 hutumia Wi-Fi 4. Ikumbukwe kwamba ruta mpya haiongezi kasi ya kifurushi ulicholipia, wala haiifanyi simu ya zamani kuwa ya kisasa.

Baada ya kuifunga, kagua mambo mawili. Kwanza, usalama. WPA3, iliyotangazwa mwaka 2018, ni imara zaidi, lakini vifaa vingi vya zamani haviielewi. Chagua mpangilio unaochanganya WPA2 na WPA3. Usiuache mtandao bila nenosiri, wala usirudi kwenye WEP, ambayo huvunjwa kwa urahisi. Kompyuta isiyoweza hata WPA2 iunganishwe kwa waya.

Pili, jina la mtandao. Ikiwa kifaa cha zamani bado kinasumbua, yape masafa hayo mawili majina tofauti. Printa na kompyuta za zamani ziunganishwe kwenye gigahezi 2.4, na simu mpya zitumie gigahezi 5. Hivyo vifaa vya polepole havitavichelewesha vingine.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji: Je, ina masafa mawili? Je, inakubali WPA2 pamoja na WPA3? Je, imeidhinishwa na TCRA? Kisha dai risiti. Maswali hayo matatu yanaweza kukuepusha na gharama ya kununua kompyuta usiyoihitaji.