Koki Inayovuja Hula Fedha Usiku na Mchana



Katika nyumba moja tuliyoitembelea kijijini tulikuta ugomvi. Bili ya maji ilikuwa imepanda. Nyumba ile ilizoea kulipia uniti 4 kwa mwezi. Mwezi ule ikaandikiwa uniti 9. Baba mwenye nyumba alisema watoto wa jirani wanachota maji kwa siri. Jirani akasikia. Basi, salamu zikakatika kati ya nyumba mbili zilizozoea kuazimana chumvi na moto.

Tukauliza, "Je, hakuna mahali maji yanapovuja?"

Mama akacheka. "Aa, ni ile koki ya nyuma tu. Inavuja kidogo, na migomba inafaidi."

Tukaenda kuitazama. Maji yalikuwa yanatoka membamba kama uzi. Chini palikuwa na tope, na bata wanaogelea. Tukaweka ndoo ya lita 20 saa 4 asubuhi. Ilipofika saa 7 mchana, ndoo ilikuwa imejaa.

Haya, tufanye hesabu pamoja. Ndoo moja hujaa kwa saa 3. Siku moja ina saa 24. Kwa hiyo kwa siku zinamwagika ndoo 8, yaani lita 160. Kwa siku 30 ni lita 4,800. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, ambazo ni ndoo 50. Kumbe karibu uniti 5 zilikuwa zinakwenda mgombani! Ongeza zile 4 za kawaida, unapata 9.

Mwizi hakuwa mtoto wa jirani. Mwizi alikuwa koki.

KUMTAFUTA MWIZI

Wewe msomaji unajua tarakimu. Basi, tumia elimu yako kusoma dira ya maji, ile mita iliyofungwa kwenye bomba linaloingia nyumbani. Tarakimu nyeusi huonyesha uniti kamili. Tarakimu nyekundu huonyesha sehemu ndogo za uniti.

Usiku, watu wote wakiisha kuoga na kuteka maji, funga koki zote. Andika tarakimu za dira kwenye daftari, nyeusi na nyekundu. Asubuhi, kabla mtu hajafungua maji, soma tena. Zikiwa zile zile, hakuna panapovuja. Zikiwa zimeongezeka, maji yamepita usiku na wewe umelala. Lakini kama una tangi linalojazwa na bomba hilo, hakikisha kwanza limejaa, usije ukadanganyika.

Sasa zunguka nyumba. Pitisha mkono mkavu chini ya kila koki na kila kiungo cha bomba. Tazama pia njia ya bomba ardhini. Mahali penye unyevu wakati wa kiangazi, au majani mabichi peke yake, pana jambo.

KUBADILI KIPIRA

Koki ikidondosha maji mdomoni hata ikiwa imefungwa, mara nyingi kipira cha ndani kimechakaa. Ni kipira kidogo cha mviringo ambacho mafundi hukiita washa. Ndicho kinachoziba njia ya maji. Kazi ya kukibadili ni hii:

1. Funga koki kuu iliyo karibu na dira. Fungua koki mbovu mpaka maji yaliyobaki yaishe.

2. Shika mwili wa koki kwa spana moja ili bomba lisizunguke na kuvunjika. Kwa spana ya pili fungua kichwa cha koki, kwa kuzungusha kushoto.

3. Toa kichwa. Utaona kipira mwishoni mwake, au kimebaki ndani ya koki. Kitazame. Kikiwa kimekatika, kimebonyea au kimekuwa kigumu, hakifai tena.

4. Nenda dukani na kipira hicho cha zamani ili upate cha ukubwa ule ule. Koki nyingi za nyumbani ni za nusu inchi, lakini usikisie.

5. Kabla ya kufunga kipira kipya, pangusa mahali kinapokalia ndani ya koki. Ondoa mchanga na kutu. Papase kwa kidole. Pakiwa na mikwaruzo mirefu, kipira kipya nacho kitaliwa upesi. Hapo ni afadhali ununue koki mpya.

6. Rudisha kichwa, ukaze, kisha fungua koki kuu polepole. Tazama kama maji yanadondoka.

Watu wengine hukata mpira wa kandambili wakautia ndani. Utasaidia siku chache, halafu utabonyea na maji yatarudi kuvuja. Wengine hukaza koki kwa nguvu zao zote. Nguvu hiyo ndiyo inayokata kipira. Maji yakishakatika, acha hapo.

Maji yakichirizika chini ya mkono wa koki wakati imefunguliwa, kaza kidogo nati ndogo iliyo hapo. Yakitoka pale koki inapoingia kwenye bomba, funga koki kuu, fungua koki hiyo yote, safisha meno ya chuma, kisha uzungushie utepe mweupe wa bomba kwa upande ule ule wa kukaza. Rudisha na ukaze.

BOMBA LA CHINI YA ARDHI

Hapa si suala la fedha peke yake. Bomba lililotoboka hutoa maji wakati yanapokuja kwa nguvu. Lakini maji yakikatika, tundu lile lile huweza kunyonya tope na uchafu kuingia ndani ya bomba. Maji yakirudi, uchafu huo unafika kwenye kikombe chako. Homa ya matumbo na kipindupindu huweza kuingia nyumbani kwa njia hiyo. Kwa hiyo usiache bomba likivuja kwenye tope, na hasa karibu na choo.

Bomba likivuja kabla ya dira, usilichimbue mwenyewe. Toa taarifa kwa chombo cha watumia maji cha kijiji chenu. Tangu mwaka 2019 vyombo hivi husimamiwa na RUWASA, wakala wa maji vijijini. Andika tarehe uliyotoa taarifa.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa kupeleka maji vijijini. Lengo lilikuwa kila mwanakijiji apate maji safi yasiyozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake ifikapo mwaka 1991. Lengo hilo halikutimia kwa wakati. Sababu moja ni hii: mabomba na pampu vilijengwa vingi, lakini matengenezo yakasahauliwa. Kijiji huweza kupoteza mradi mzima kwa kuanza na kipira kimoja.

Katika nyumba ile, kipira kilibadilishwa jioni ile ile. Usiku dira ikasomwa, na asubuhi ikasomwa tena. Tarakimu hazikusogea. Baba akakaa kimya kidogo, kisha akachukua kofia yake.

"Unakwenda wapi?" mama akamwuliza.

"Kwa jirani," akajibu. "Nina deni la maneno."

Nawe ndugu msomaji, je, dira yako hulala usiku? Isome leo.