Picha za Nyumba za Kulinganishia

Nchini Marekani, anayeomba mkopo wa nyumba hupimiwa pia kwa nyumba za watu wengine. Mthamini aliyetumwa na benki akishapima vyumba na kukagua kuta, hutafuta nyumba zisizopungua tatu zilizouzwa karibuni na zinazofanana na ile inayonunuliwa. Kisha hupandisha au kushusha bei za mauzo hayo kufuata tofauti anazoziona: hii ina bafu la pili, ile haina gereji. Thamani atakayoiandika mwishoni inasimama juu ya nyumba hizo za kulinganishia, na kila moja yao lazima iambatane na picha.

Picha ipi, iliyopigwa na nani? Hapo wakopeshaji hawasemi lugha moja.

Fannie Mae, shirika lililoanzishwa mwaka 1938 ambalo hununua mikopo ya nyumba kutoka kwa benki, linataka picha inayoonyesha mbele ya kila nyumba ya kulinganishia. Halimlazimishi mthamini kuipiga upya: inakubalika picha kutoka kwenye majalada yake, au ile ya kwenye mtandao wa pamoja ambako madalali hutangaza nyumba. FHA, idara ya serikali inayodhamini mikopo tangu 1934, kwa muda mrefu ilibana zaidi. Mwongozo wake wa 4000.1 uliruhusu picha ya dalali ili ionekane hali ya nyumba ilipouzwa, lakini mthamini alilazimika kuweka na ya kwake, iliyopigwa kwa pembe ili mbele na ubavu vionekane inapowezekana. Zaidi ya hapo, kuna benki zinazojiongezea masharti na kukataa picha yoyote ambayo mthamini hakuipiga mwenyewe.

Ukali huo una sababu. Fomu 1004, inayotumika kwa nyumba ya familia moja, inamtaka mthamini akague kila nyumba ya kulinganishia, walau akiwa barabarani, naye hutia saini kuthibitisha. Mashambani nyumba hizo zinaweza kuwa mbali mno, na kishawishi cha kusaini bila kufunga safari ni kikubwa. Picha aliyoipiga mwenyewe ni ushahidi kwamba alifika. Na akifika huona ambayo tangazo halikuyaonyesha: reli inayopita nyuma ya ua, kituo cha mafuta ng'ambo ya barabara. Dalali hupiga picha ili nyumba iuzike.

Hata hivyo, picha ya leo nayo inaweza kupotosha.

Chukua mfano wa nyumba iliyouzwa mwezi Machi kwa dola 250,000, rangi ikibambuka na madirisha yamechakaa. Mwenye nyumba mpya akaitengeneza yote. Septemba mthamini anapita na kupiga picha ya nyumba inayong'aa. Tangu 2011 ripoti hizi hutumia daraja za hali ya nyumba kuanzia C1, iliyo mpya kabisa, hadi C6, iliyoharibika vibaya. Akiamini macho yake ataipa C3, sawa na nyumba ya mkopaji, na hataongeza kitu. Kumbe Machi ilistahili C4, na ndiyo sababu iliuzwa rahisi; bei yake ilipaswa kupandishwa kabla ya kulinganishwa. Thamani ya nyumba ya mkopaji inashuka bila haki, na kwa kuwa benki hukokotoa mkopo kwa kiasi kilicho kidogo kati ya bei na thamani, pengo litamtoka mnunuzi mfukoni.

Kwa hiyo utaratibu huo wa FHA, ingawa ulimchosha mthamini, ndio wenye akili zaidi: picha moja inaonyesha kilichouzwa, nyingine inathibitisha kwamba mahali hapo pamefikiwa. Benki inayoikataa picha ya dalali moja kwa moja inatupa nusu ya ushahidi. Upande wa pili upo pia: tangu Machi 2022 Fannie Mae hukubali, kwa baadhi ya mikopo, uthamini unaofanywa mezani, ambapo mthamini haendi popote. Huko picha ya dalali hubaki bila wa kuipinga.

Mnunuzi hana sababu ya kuziruka kurasa hizi za picha. Sheria inamtaka mkopeshaji ampe nakala ya ripoti angalau siku tatu za kazi kabla ya kufunga mkopo. Alinganishe picha za kila nyumba na daraja iliyopewa, aulize zilipigwa lini, na apite mitaa hiyo akiweza. Mwaka 2024 Fannie Mae, shirika mwenzake Freddie Mac, na FHA zilitoa masharti ya kumwezesha mkopaji kuomba thamani iangaliwe upya, ingawa FHA iliyafuta yake mwaka 2025; kwa Fannie Mae anaweza kupendekeza hadi nyumba tano za kulinganishia. Ombi ni moja tu kwa kila ripoti, hivyo picha zikaguliwe kabla ya kuliandika.